Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: chagua vifaa ambavyo kesho utaviongezea, sio utakavyovitupa

Mwaka jana alikuja kwangu dogo mmoja wa mtaani kwetu na kompyuta ya ofisini, Dell OptiPlex 9020, hela yake kaikusanya miezi saba, na kwapani kabeba kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) kaifunga kwenye tisheti isipate vumbi. Ananiambia kaka nichomekee tu hii, nataka nicheze FC (gemu ya mpira) na GTA. Nikafungua kasha na jibu nikalijua kabla sijashika bisibisi ya pili. Pawa saplai (kile kisanduku kinachogawa umeme) ya mle ndani ni ya wati 290, haina hata waya mmoja wa kulisha kadi, na kuibadilisha sio kazi ya dakika tano maana bodi ile (sahani kuu inayounganisha vifaa vyote) imepewa plagi yake yenyewe ya pini 8 badala ya ile ya pini 24 ambayo kila pawa saplai ya kawaida inakuja nayo, adapta zipo lakini ndo ushaanza kutibu ugonjwa kwa viraka. Prosesa ni i5 ya kizazi cha nne, haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kadi ikarudi kwenye tisheti. Dogo hakukosea popote, ni vile hakuna mtu aliyemwambia mapema, na ndo maana nimekaa niandike hii yote kwa urefu, ili mwingine asipoteze miezi saba yake.

Nachukulia una kama milioni moja na nusu hadi mbili na nusu hivi za Kitanzania kwa sanduku lenyewe, bila monita. Ukiwa Nairobi au Kampala badilisha tu hela, mambo ni yaleyale. Bei ya kifaa kimojakimoja sitaandika kwa sababu inabadilika kila mzigo mpya ukishuka, nitakupa mafungu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, andika vitu vitatu kwenye karatasi

Gemu gani utacheza kweli, monita gani unayo, na hela gani unayo leo (sio ya mwezi ujao).

Mtu wa Valorant, CS2 na FC hahitaji mashine ya mtu anayetaka gemu kubwa za hadithi za mwaka jana na mwaka huu. Valorant inakaa vizuri hata kwenye kadi ya kawaida kabisa, ila ukiwa kwenye Windows 11 inakudai TPM 2.0 na Secure Boot (vilinzi vya usalama vya ndani ya mashine) viwe vimewashwa, kwahiyo hapohapo bodi za zamani sana zinaanza kuanguka. Upande wa pili kuna gemu kama Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025, hizi hazifunguki kabisa kama kadi yako haina uwezo wa ray tracing (kuhesabu mwanga unavyotembea kwenye picha) ndani ya chipu yake, hata uwe na memori kiasi gani. Hii ni muhimu, tutairudia kwenye kadi.

Monita: kama unayo ya 1080p (ukali wa picha) ya hezi 60 (inaonyesha picha 60 kwa sekunde), basi mashine ya kutoa fremu 200 kwa sekunde ni hela imelala. Kama huna, tafuta ya 1080p ya hezi 144 au zaidi hata ya mtumba, ukiikagua vizuri haina mistari wala madoa. 1440p na 4K ziache kwanza, kwa bajeti hii zitakutesa.

Vitu vya kukaa na vitu vya kupita

Hapa ndo penyewe. Kwenye kompyuta kuna vifaa vinavyokaa miaka na kuna vinavyopita. Vya kukaa ni bodi (pamoja na soketi yake, pale prosesa inapokaa), pawa saplai na kasha. Vya kupita ni kadi ya grafiki, ramu na SSD (diski ya kasi), hivi unaongeza au unabadilisha kwa dakika kumi na kile cha zamani unakiuza kikiwa na thamani. Prosesa iko katikati, inapita lakini inapita ndani ya soketi ileile.

Watu wengi tunafanya kinyume. Tunaona kadi kubwa tunaichukua, afu hela inayobaki tunaokotea bodi ya bei ya chini kuliko zote na pawa saplai ya jina lisilojulikana. Miezi sita mbele ukitaka kuongeza kitu unakuta kila kitu kinakugomea: bodi haina sloti, pawa saplai haina waya, kasha haliingizi kadi ndefu. Kwa hiyo unauza yote kwa hasara unaanza upya. Bora leo uchukue kadi ya ngazi moja chini lakini msingi uwe wa kubeba kadi ya miaka mitatu ijayo.

Mafungu yangu yanakuwaga hivi: kadi kama asilimia 40, prosesa na bodi kwa pamoja 25 hadi 30, pawa saplai 10, ramu na SSD 15 hadi 20, kasha kinachobaki. Pawa saplai ikishuka chini ya hapo naanza kuwa na wasiwasi.

Soketi: hapa unachagua njia

AM4 ya AMD. Imeanza 2016 na prosesa za Ryzen zimeanza kukaa humo 2017, na mpaka leo kwa mtu wa hela ndogo mimi ndo naiweka mbele. Inatumia ramu za DDR4 (kizazi kabla ya DDR5), bodi zake zimejaa sokoni mpya na mtumba, na juu yake kuna pa kwenda: unaanza na Ryzen 5 5600 au hata 3600 ya mtumba, siku moja unaweka Ryzen 7 5700X ya kori 8 (vichwa nane vya kufanya kazi), au ukibahatika 5700X3D au 5800X3D ambazo zina kashe (memori ya haraka ndani ya prosesa) kubwa ya megabaiti 96 na kwenye gemu zinashindana na prosesa mpya kabisa. Prosesa mpya za soketi hii za kuishangaza dunia haziji tena, lakini ukianzia chini bado una ngazi mbili za kupanda bila kubadilisha bodi.

LGA1700 ya Intel. Inabeba kizazi cha 12, 13 na 14. i5-12400F, kori 6 na nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), ni prosesa nzuri mno kwa gemu na haichemki. Kuna bodi za DDR4 na za DDR5, angalia kabla hujalipa, haziingiliani, hata mkato wa katikati kwenye ramu uko sehemu tofauti. Tahadhari yangu moja: ukija kupandisha baadae kwa i7 au i9 za mtumba za kizazi cha 13 na 14, hizo zilikuwa na tatizo la kujipa volti nyingi mpaka zinaharibika taratibu, Intel walilirekebisha kwa BIOS mpya (programu ya ndani ya bodi inayoamsha mashine) 2024, ila prosesa iliyoshaumia haiponi kwa BIOS. Muulize muuzaji imetumikaje, na bodi yako iwe na BIOS mpya kwanza.

AM5 ya AMD. Hii ndo yenye maisha marefu mbele, imetoka Septemba 2022 na AMD wenyewe wamesema wataendelea nayo mpaka 2027 na zaidi. Unaanza na Ryzen 5 7500F au 7600, siku nyingine unaweka 7800X3D au 9800X3D kwenye bodi hiyohiyo. Shida ni moja, inakula DDR5 tu, na toka mwishoni mwa 2025 ramu zimepanda bei dunia nzima kwa sababu viwanda vinapeleka memori kwenye maseva ya akili bandia. Kama bajeti yako iko karibu na ile milioni mbili na nusu, chukua AM5 na anza na kadi ndogo. Kama iko chini, AM4 na usijisikie vibaya hata kidogo.

Na yale mashine ya ofisini ya mtumba? Sio mabaya yote. Ukipata la umbo la mnara (sio lile jembamba la kulala) lenye i5 ya kizazi cha 8 au zaidi, unaweza kuweka kadi isiyohitaji waya wa umeme kama GTX 1650 ya wati 75 au RTX 3050 ya 6GB ambayo inakula wati 70 tu, vyote inavuta kwenye sloti. Itacheza. Ila jua unanunua chumba kisicho na ngazi, ukifika hapo umefika.

Bodi: soma maandishi madogo

Kwa AM4 tafuta B550, ikikosekana B450. A320 na A520 ziache kama unataka kuja kuweka prosesa ya kori 8, nyingi zina sehemu dhaifu ya kuilisha prosesa umeme. Hiyo sehemu unaiona kwa macho: zile kete nyeusi ndogo zilizojipanga kando ya soketi, bodi nzuri huwa imezifunika kwa bati la kupozea, bodi ya bei rahisi inaziacha uchi. Kwa joto la Dar la mwezi wa pili, hiyo bati sio urembo.

Vingine vya kuangalia: sloti nne za ramu ni bora kuliko mbili kwenye DDR4, sloti mbili za M.2 (za SSD) ni bora kuliko moja, na B450 itakupa PCIe 3.0 (njia ya data ya kadi na SSD) wakati B550 inakupa 4.0. Kwa Intel, H610 ni ya kuanzia tu, sloti mbili za ramu na imebanwa kila upande, B660 au B760 ndo unaanza kupumua. Kwa AM5, A620 kwa shida, B650 kwa raha.

Mtego wa B450: bodi iliyotoka kiwandani kabla ya Ryzen 5000 kutoka haiitambui 5600 mpaka isasishwe BIOS. Inawasha feni, taa inawaka, skrini nyeusi, mtu anadhani kaibiwa. Kabla hujalipa mwambie muuzaji aiwashe na prosesa uliyochagua, pale pale dukani. Bodi zenye kitufe nyuma cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa zinakuokoa kabisa hapa.

Prosesa, haraka haraka

Ryzen 5 5600 ndo chaguo langu. Wati 65, kori 6, inakuja na feni yake kwenye boksi. 5500 inafanana jina lakini sio ndugu yake kamili, kashe ni nusu, megabaiti 16 badala ya 32, na imekwama PCIe 3.0. 5600G nayo hivyohivyo, ila yenyewe ina grafiki ya ndani na hapo ndo faida yake: kama hela ya kadi haijatimia kabisa, anza na 5600G na ramu mbili za 8GB, utacheza FC na Valorant kwa mipangilio ya chini huku unakusanya. Ramu moja tu kwenye 5600G usiweke, grafiki ya ndani inakunywa kwenye ramu hiyohiyo na ukiweka moja unaikaba koo.

Herufi F mwishoni (12400F, 7500F) maana yake haina grafiki ya ndani. Ryzen 5 5600 haina pia japo haijaandikwa F. Bila kadi, skrini haiwaki, msije mkarudisha dukani prosesa nzima.

Kadi ya grafiki: tukae hapa kidogo

Kwa 1080p, kadi ninayowaambia watu kila siku ni RX 6600. Imetoka Oktoba 2021, ina 8GB, inakula wati 132 tu, plagi moja ya pini 8, ina ray tracing ya kutosha kufungua zile gemu zinazodai, na mtumba wake unapatikana. Ukiongeza kidogo kuna RTX 3060 ya 12GB, wati 170, hii ni nzuri zaidi kama unafanya na kuedit video au Blender pembeni. RX 7600 na RTX 4060 zikiwa kwenye uwezo wako ni nzuri. Intel Arc B580 ya 12GB iliyotoka Desemba 2024 ina nguvu kwa bei yake, ila lazima bodi na prosesa ziwe na Resizable BAR (mpangilio wa BIOS unaoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi) imewashwa, na ukiiunga na prosesa ya zamani inapoteza nguvu, kwahiyo sio ya mashine ya zamani.

Chini ya hapo: GTX 1660 Super ya 6GB na RX 580 ya 8GB bado zinacheza FC, GTA V na CS2 vizuri tu, ila hazina ray tracing, kwahiyo kuna gemu mpya ambazo kwako ni mlango uliofungwa. Ukichukua RX 580 soma vizuri, kuna ile inaitwa 2048SP, ni dhaifu kidogo kuliko 580 kamili na inauzwa kwa jina lilelile. Na RX 6500 XT mimi namkataza mtu. Ina 4GB na inatumia njia nne tu za PCIe, ukiichomeka kwenye bodi ya PCIe 3.0, yani hizi B450 zetu, inapumulia tundu moja la pua.

Sasa mtumba. Kadi nyingi zilitoka kwenye kuchimba sarafu za kidijitali, Ethereum walivyobadili mfumo wao 15 Septemba 2022 zikamwagika sokoni. Kadi ya uchimbaji sio lazima iwe mbovu, kinachokuwa kimechoka ni feni na zile pedi za kupozea, ambazo fundi anabadilisha. Ila lazima uipime, na hivi ndo napima mimi:

Kwanza macho. Geuza kadi angalia meno ya dhahabu yasiwe yameliwa, nusa kama ina harufu ya kuungua, zungusha feni kwa kidole isiwe inakwaruza, angalia skrubu za nyuma kama zimechubuka ujue imefunguliwa. Ukikuta kadi imeandikwa GTX 1050 Ti au zaidi lakini nyuma ina tundu la VGA lile la bluu, uwe na shaka kubwa, kizazi kile NVIDIA waliacha kutoa VGA. Ni kadi za zamani sana, GTS 450 au GTX 550 Ti, zimeandikiwa jina jipya kwenye BIOS yake.

Pili nenda na flashi yenye programu mbili, GPU-Z na FurMark, zote za bure. GPU-Z ikigundua kadi ya kughushi inaandika FAKE mbele ya jina, na hata isipoandika linganisha idadi ya shader (vichakataji vidogo vya kadi) na memori na kadi halisi. Afu washa FurMark dakika 15, simama hapohapo. Unaangalia nyuzijoto zisipande na kupanda bila kutulia, ikitulia kwenye sabini na kitu mpaka themanini na kidogo kwa hali ya hewa yetu sio mbaya, na kwenye picha usione madoa, vinyota wala mistari. Muuzaji akikataa dakika 15 za kupima, rudisha hela mfukoni. Kariakoo maduka ni mengi, Luthuli kule Nairobi nako hivyohivyo.

Tatu, kwa RX 580 na ndugu zake, hakikisha draiva ya AMD (programu inayoiendesha kadi) inakubali kukaa. Wachimbaji walikuwa wanabadilisha BIOS ya kadi, na draiva ikikuta BIOS iliyochezewa inagoma.

Pawa saplai: kifaa ambacho watu wanakionea

Mwaka 2019 niliunga mashine yangu ya kwanza na pawa saplai iliyoandikwa 500W ubavuni kwa herufi kubwa nyekundu. Nilivyoinyanyua ilikuwa nyepesi kama boksi la viatu, nikafurahi hata kubeba haichoshi. Wiki ya tatu, katikati ya mechi, ukatoka mlio mmoja mkavu, pa, harufu ya kuungua ikajaa chumba, na asubuhi fundi akaniambia bodi imekwenda nayo. Nilivyosoma ile karatasi ya ubavuni kwa utulivu ndo nikaelewa: mstari wa +12V umeandikwa 16A. Zidisha mwenyewe, 12 mara 16 ni wati 192. Prosesa na kadi vinakula kwenye 12V karibu kila kitu, kwahiyo ile 500W ilikuwa wati 192 za kufanyia kazi.

Hiyo hesabu ifanye kila mara. Shika pawa saplai, tafuta jedwali, tafuta +12V, soma ampia, zidisha kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 inakupa kama 44A hadi 46A hapo, yani karibu wati zote. Ikikupa nusu, iache mezani.

Kingine, nyuma kwenye tundu la waya kama kuna swichi ndogo nyekundu ya 115/230, hiyo ni ya muundo wa zamani. Umeme wetu ni 230, ikiwa kwenye 115 na ukawasha, unaipoteza palepale. Nzuri za siku hizi hazina hiyo swichi, zimeandikwa 100-240V zinajirekebisha zenyewe, na kwa sehemu ambazo umeme unashuka jioni hiyo ni faida kubwa.

Wati ngapi? Ryzen 5 5600 inafika kama wati 76, RX 6600 wati 132, ongeza bodi, ramu, feni na SSD weka 50, jumla haifiki 260. Pawa saplai nzuri ya 550W inatosha na kubaki. Ila sisi tunapanga kesho, kwahiyo nakwambia 650W yenye 80 Plus Bronze (alama ya kutopoteza umeme mwingi) au zaidi, kutoka kampuni inayojulikana, na iwe na plagi mbili za pini 6+2 za kadi. Hapo hata ukija kuweka kadi ya wati 200 au 230 hugusi kitu kingine. Na hii usinunue mtumba kama una namna yoyote, umri wake ndani huuoni.

Umeme unaporudi baada ya kukatika ndo unaua vifaa, sio kule kukatika kwenyewe. Ukiweza weka UPS (betri ya akiba), na kwenye UPS soma wati sio VA, ile ya 650VA mara nyingi ina wati 360 au 390, inakupa dakika chache za kuzima kwa heshima. Ukishindwa, weka walau kilinda umeme kile cha friji chenye kuchelewesha dakika chache umeme ukirudi. Na kwa wanaoogopa LUKU: mashine ya wati 250 ukicheza masaa manne ni yuniti moja.

Ramu na SSD

Ramu 16GB, vipande viwili vya 8GB, DDR4 ya 3200. Viwili sio kimoja, maana prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja. Kwenye bodi ya sloti nne vitie sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, mbili zinazobaki ndo kesho yako ya 32GB. Kwa DDR5 nunua viwili mara moja na usipange kuongeza viwili vingine, vinne vikiwa pamoja kasi inashuka.

SSD ya NVMe (aina ya kasi inayopita kwenye PCIe), 1TB kama unaweza, 500GB kama hela imebana. Red Dead Redemption 2 peke yake inataka 150GB, na kwa bei ya bando zetu kufuta gemu na kuishusha upya kila wiki ni hasara kuliko hiyo tofauti. Angalizo: sio kila M.2 ni NVMe, zipo za SATA (za kasi ndogo) zenye umbo lilelile, uliza. Ya mtumba ifungue na CrystalDiskInfo uone afya na masaa iliyofanya kazi. Gemu za zamani na muvi weka kwenye hadidiski yoyote uliyonayo nyumbani.

Kasha

Mbele liwe na wavu, sio kioo. Kioo kinapendeza lakini hewa haiingii, na chumba chetu kina nyuzi 31 kabla hata hujawasha. Feni mbili mbele zinavuta, moja nyuma inatoa. Pima urefu wa kadi linaoruhusu, liwe walau milimita 320. Liwe na chujio la vumbi linalochomoka, ulioshe kila mwezi, na wa karibu na bahari usiliweke dirishani, chumvi inakula vyuma.

Kuunga na kuwasha

Nje ya kasha kwanza: bodi juu ya boksi lake, prosesa, feni, ramu, kadi, pawa saplai, washa. Ikionyesha picha ndo uingize ndani. Prosesa ya AM4 ina pini chini yake, ishike kwa pembeni, pembetatu ndogo ya dhahabu ikutane na pembetatu ya soketi, iache ikae kwa uzito wake, usisukume hata kidogo. Pesti ya prosesa kiasi cha punje ya dengu katikati.

Waya wa monita chomeka kwenye kadi, sio kwenye bodi. Nimeitwa mara nyingi kutazama mashine "haina nguvu" nikakuta waya uko juu badala ya chini. Ukishaingia BIOS washa XMP au kwa AM5 EXPO (mpangilio unaoipa ramu kasi yake kamili), bila hivyo ramu yako ya 3200 inakimbia 2133 au 2400 na hutajua. Afu ndani ya Windows nenda kwenye mipangilio ya skrini uweke hezi 144, yenyewe huwa inajiweka 60.

Kupandisha, kwa mpangilio wangu

Cha kwanza kuongeza ni SSD au ramu, vinaumiza kidogo mfukoni na unaviona kila siku. Cha pili kadi, ukiona kadi inafanya kazi asilimia 97 au 99 muda wote na fremu hazitoshi, hapo ndo penye kubanwa. Kama kadi iko 60 na fremu bado zinaruka, aliyechoka ni prosesa, hapo ndo unatafuta 5700X au X3D. Usibadilishe kwa kusikia, fungua vipimo uone.

Kila ukinunua dai risiti ya EFD na ipige picha, maandishi yake yanafutika na ukirudi na karatasi nyeupe hakuna wa kukusikiliza. Maboksi tunza, kadi yenye boksi inauzika haraka zaidi.

Na siku ukibadilisha pawa saplai, toa na waya zake zote za zamani hata kama plagi zinaingia. Upande unaochomeka kwenye pawa saplai hauna mpangilio mmoja kati ya kampuni na kampuni, wakati mwingine hata kati ya modeli mbili za kampuni moja, unaweza kupeleka 12V kwenye waya wa 5V wa SSD na data yako yote ikaondoka siku hiyo. Waya za zamani zifunge pamoja na pawa saplai yake ya zamani, ziuze pamoja.